Nguzo Yenye Ufagio Ndani

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mgongo wa mama umetulia, anakusalimu, na anauliza kama mikono bado unayo, maana mwaka mpya umepita hata salamu hukuleta. Yule mdogo wangu wa mwisho ameajiriwa kiwanda cha vigae, sasa anatufundisha sote namna ya kutembea kwenye sakafu. Mwambie Mama Mdogo shuka alizonitumia zimefika na ninazilalia.

Nakuandikia badala ya kukupigia, na sababu ni hii: kwenye simu utaniita Rula, utacheka kile kicheko chako, na hasira yangu itakwisha kabla sijamaliza sentensi. Safari hii nataka ikufikie nzima.

Bodi ya usajili wa wahandisi imenifungia leseni.

Mwezi wa kumi na moja mfamasia mmoja aliniita nimpimie duka analotaka kupanga, barabara ya sokoni. Chini ni duka la vitambaa, juu ni chekechea. Unanijua, nikishika tepu sijui kuacha, ndiyo maana tangu nikiwa na meno ya utoto mnaniita Rula. Nguzo tatu zilikuwa sawa. Ya nne, ya katikati, nene kuliko zile nyingine. Nikaigonga, ikaitika kama kabati. Nikamuuliza muuzaji, "Dada, nguzo hii ina nini?" Akasema, "Hiyo? Tunawekea vitu," akavuta kijimlango. Ndani kulikuwa na ndoo, matambara na ufagio.

Ufagio, Baba Mdogo! Mpangaji wa zamani aliikata nguzo apate kuingiza mashine yake ya kuchapia. Alipohama, mwenye jengo akaziba pengo kwa boksi la plaiwudi, akalipaka rangi ya ukuta. Boriti ya juu yake ina ufa unaoingia kidole. Na juu ya ufagio huo watoto thelathini walikuwa wanaimba.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikamwambia mwalimu, "Watoe watoto nje sasa hivi, maswali baadaye." Mama wa watu hakubishana, aliwashikisha mikono akawashusha huku wakiendelea na wimbo wao. Wazazi walipopata habari walikuja juu, wakataka kujua ni nani aliyesema jengo hili linafaa watoto. Nikawajibu, maana cheti kimebandikwa mlangoni na sahihi inasomeka: Mzee Tai, yule mhandisi asiyevua tai hata akikanyaga zege mbichi.

Hilo ndilo kosa langu. Nimeandikiwa kwamba nimeikosoa kazi ya mtaalamu mwenzangu mbele ya watu wasio wa taaluma, bila kumpa taarifa ya maandishi wiki mbili kabla. Wiki mbili! Watoto ningewaambia wasubiri, waimbe polepole? Jengo lingeanguka nikawa nimewaokoa, wangenivika nishani. Kwa kuwa halikuanguka, mimi ni mchongezi.

Michoro ya wadi ya wazazi ya hospitali yetu iko mezani, imekamilika, na siruhusiwi kuigonga muhuri. Wewe umo kwenye uhandisi tangu sijazaliwa, na watu wa bodi lazima unawajua. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Rula


2 Machi

Mwanangu Rula,

Marahaba. Barua yako imenikuta na goti. Daktari anasema limechakaa. Nikamwambia kila kilichobeba mzigo huchakaa, aniambie jipya. Kuku wa mama yako mdogo wametoroka, wamemaliza mchicha wote wa jirani, sasa jirani akituona anaangalia mawingu. Mjukuu ameanza kutembea, ila anakwenda upande upande kama kaa.

Jambo lako nimelisoma mara mbili. Kuwatoa watoto ulifanya vizuri, hilo hakuna wa kukulaumu. Lakini haikuwa lazima kumtaja mtu. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na wewe ulimwaga gunia zima.

Bodi si watu wabaya. Watakuletea karatasi ya kuomba radhi. Itie sahihi. Ni mistari mitatu, haiumi. Leseni itarudi, wadi ya wazazi itajengwa, na mwakani hakuna atakayekumbuka. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nimedumu kwenye kazi hii kwa kujua wakati wa kunyamaza.

Na upokee simu zangu.

Baba Mdogo

(Hapa ni Mama Mdogo. Kuku hawakumaliza mchicha wote, huyu kazidisha. Kula vizuri, mwanangu.)


10 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amefurahi kusikia mjukuu anatembea, hata kama ni kwa upande. Salamu zimekwisha.

Karatasi ya radhi imefika. Ulisema mistari mitatu, na kweli ni mitatu. Wa kwanza nasikitika. Wa pili namwomba radhi Mzee Tai. Wa tatu, "nakiri kwamba hapakuwa na hatari yoyote." Umeuona huo wa tatu? Nikitia sahihi hapo, mwenye jengo anaichukua karatasi hiyo hiyo anampelekea mwalimu, na watoto wanarudi juu. Sasa hivi wanasomea kwenye veranda ya ukumbi wa manispaa, upepo unawapeperushia karatasi zao za kuchorea, na mwenye jengo hamwachi mwalimu apumue, eti kavunja mkataba wa pango. Anachosubiri ni sahihi yangu tu. Ingekuwa naombwa nijidhalilishe mimi, ningejidhalilisha na kupiga magoti, kazi yangu naipenda. Naombwa niwarudishe watoto wa watu chini ya boriti iliyopasuka.

Na ngoja nikuchekeshe. Wiki iliyopita Mzee Tai alimtuma mtu kwangu. Amesikia michoro ya wadi imekwama, anasikitika, na ofisi yake iko tayari kunigongea muhuri. Nikauliza, ataipitia lini? Yule mjumbe akashangaa. "Ya nini kuipitia? Mzee anakuamini." Nilimfungulia mlango wa kutokea kabla sijamtukana.

Halafu jambo la pili. Nilimpigia Mama Mdogo kumshukuru kwa zile shuka. Nikamuuliza uko wapi. Akanijibu, bila hila yoyote, "Ameenda kikao cha kamati ya maadili ya bodi. Si ndiye katibu?"

Katibu! Barua iliyonifungia leseni imetoka kwa "Katibu wa Kamati." Haina jina, ina sahihi iliyokorogwa tu, na imemalizika kwa wito wa kusikilizwa, "Fika bila kukosa." Uliiandika lini, Baba Mdogo, kabla ya kuku kula mchicha au baada? Nilikuuliza habari za bodi, ukanijibu habari za goti. Wewe ni mzazi wangu na adabu umenifundisha mwenyewe, kwa hiyo sitakuuliza kama huoni haya. Lakini ningekuwa mkubwa wako, ningekuuliza.

Ndiyo maana simu sipokei.

Mwanao bado,
Rula


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Ningeweza kusingizia goti, lakini goti halishiki kalamu.

Ni kweli, mimi ni katibu. Sikukwambia kwa sababu shauri lililo mbele ya kamati halizungumzwi na ndugu. Siku walipokufungia leseni nilitoka nje wakati wa kura, kisha nikaitwa ndani niandike walichoamua. Nikaandika. Ndivyo kazi ilivyo.

Na hiyo kanuni unayoitukana, niliitunga mimi. Hulijui hilo, basi nakwambia. Nilikuwa na rafiki, mjenzi wa madaraja, mhandisi aliyenizidi kwa kila kitu. Mshindani wake alisimama hadharani akasema daraja la rafiki yangu lina ufa. Hakulipima, hata kulikaribia hakulikaribia. Watu wakaacha kulipita, wateja wakamkimbia, mkewe akawa anazomewa njiani. Alikufa akiwa anaziba pancha za baiskeli. Daraja lipo mpaka leo na malori yanapita. Tulipotoka kumzika nilikaa chini nikaandika: mtu asiikosoe kazi ya mwenzake kabla ya kumpa taarifa. Ukiikanyaga kanuni ile unamkanyaga yeye, na mimi hapo siwezi kucheka.

Kuhusu nguzo, tulituma mkaguzi. Ameripoti kwamba nguzo ipo, ni nzima na imepigwa plasta. Pengine ulichokiona ni kijistoo kilichojengwa ubavuni mwa nguzo. Hata tepu hupotosha. Tia sahihi, mwanangu. Nakuomba kama mzazi.

Baba Mdogo

(Mama Mdogo hapa. Mimi nilidhani unajua! Nimemnunia wiki nzima, na chumvi nimempunguzia.)


27 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama alilazwa kwa ule mgongo, ametoka, anaendelea vizuri. Nalisema haraka nifike kwenye langu.

Rafiki yako alionewa, na pole yake naitoa kwa moyo wote. Lakini aliyemponza ni mwongo. Mimi nimesema kweli. Kanuni yako haiulizi kama jambo ni kweli au uongo, inauliza tu kama nilipiga hodi. Umewafungia waongo na wasema kweli kwa kufuli moja, halafu ufunguo mmempa Mzee Tai.

Huyo mkaguzi wenu nilimwona kwa macho yangu. Alisimama mlangoni mwa duka akaitazama nguzo kwa mbali. Nikamwambia, "Igonge basi." Akanijibu, "Dada yangu, kuigonga ni kuikagua kazi ya mwenzangu, na taarifa sijampa." Siongezi hata neno. Akaandika "ipo" akaenda zake. Ipo! Hata ufagio upo! Kile kijimlango wamekipigilia misumari na kukipaka plasta juu ya plaiwudi, na plasta yenyewe imeshaanza kumenyuka.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa ripoti hiyo mwenye jengo amemshinda mwalimu. Jumatatu, tarehe ishirini Mei, watoto wanarudi juu. Hahitaji tena sahihi yangu, ninyi mmeshanisainia.

Unaniandikia eti tepu imenipotosha. Tepu hiyo ulininunulia wewe. Ulinipeleka kwenye jengo lako nikiwa na sare za shule, ukanifundisha kugonga mara tatu. Nikakuuliza kwa nini mara tatu, ukasema jicho linaona rangi tu, sikio ndilo linalosikia zege. Aliyesema hayo alikwenda wapi? Nimtumie barua yeye, maana huyu katibu simwelewi.

Leo nimeiandikia kamati, na nakala yako ni hii. Kwa kuwa jengo ni salama, naomba shauri langu lisikilizwe humo humo, chumba cha juu, kabla watoto hawajarudi. Viti vipo. Ni vidogo, lakini vinakalika. Mwenyekiti akae katikati, juu ya nguzo iliyo nzima. Mjumbe atakayeogopa kupanda asinihukumu.

Rula


5 Mei

Mwanangu,

Ombi lako nimelisoma kikaoni. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti amekubali kwa sababu kukataa kungeingia kwenye kumbukumbu, na anayeziandika ni mimi. Ni tarehe kumi na saba asubuhi. Fika bila kukosa.

Goti linauma.

Baba Mdogo


30 Mei

Rula wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hujaniandikia hata shikamoo. Mwambie mama yako nimemtumia dawa ya kuchua, asiinywe kama ile ya mwaka juzi. Mjukuu ameacha kwenda upande, sasa anakwenda mbele na kugonga kila kitu. Nimeambiwa amekurithi wewe.

Siku ile ulikalishwa ofisi ya manispaa usubiri kuitwa, ukasubiri weee, mwishowe ukaambiwa kikao kimeahirishwa, nenda nyumbani. Mimi nilikatazwa kukusemesha. Sasa nakusemesha, na atakayechukia achukie.

Tulifika wajumbe watano, na Mzee Tai na tai yake nyekundu. Tukasimama barabarani mbele ya duka. Mwenyekiti akasema, "Haya, tupande." Hakuna aliyenyanyua mguu. Mmoja akakumbuka ana pumu na huko juu kuna vumbi. Wa pili akasema ngazi ni nyembamba. Wa tatu akasema tutazame kwanza mazingira. Mazingira gani, jamani, ya barabara ya sokoni? Nikamgeukia Mzee Tai. "Mheshimiwa, sahihi ni yako. Tangulia, sisi tunafuata." Akasema hawezi kuwatangulia wakubwa, heshima kwanza. Watu wazima sita, wasomi watupu, tunasukumiana heshima mlangoni! Nikawatazama, nikajitazama na mimi, nikapandwa na ghadhabu ambayo maishani mwangu sijapata kuijua. Jumatatu watoto thelathini walikuwa wapandishwe ngazi ile ile, na hakuna ambaye angewauliza kama wana pumu.

Nikaingia dukani. Nikaigonga nguzo kwa mkongojo wangu. Ikaitika kama kabati. Nikagonga tena, nikagonga ya tatu. Nyuma yangu mwenyekiti akapaza sauti, "Katibu! Umempa mwenzako taarifa?" Nilitoka nikaazima nyundo kwa fundi viatu aliyekaa pale nje, nikarudi, nikaipiga ile "nguzo nzima" pigo moja. Plasta ikaporomoka, plaiwudi ikaachia, ndoo ikabingirika, na ufagio ukatoka ukamwangukia Mzee Tai kwenye viatu. Walivyokuwa na haraka ya kuziba, walisahau kuutoa.

Muuzaji akachungulia. "Ahaa," alisema, "kumbe uko humo! Nimeutafuta mpaka nikanunua mwingine."

Kisha tukakumbuka tumesimama chini ya nini. Tulitoka mbio sote, na mwenye goti bovu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Manispaa imelifunga jengo jioni ile ile. Watoto hawarudi. Mwalimu amepewa chumba ndani ya ukumbi, veranda wameiacha.

Unadhani leseni yako imerudi? Thubutu! Kamati inasema habari ya nguzo ni jambo moja na utaratibu ni jambo jingine. Mzee Tai amepewa nafasi ya kujieleza kwa wakati wake, muhuri bado anao mfukoni, na nasikia juzi kaugonga kwenye michoro ya hosteli. Wewe ambaye hukukosea hata sentimita bado umefungiwa.

Na ukatibu nimevuliwa. Juzi nimepokea barua. Nimeikosoa kazi ya mtaalamu mwenzangu mbele ya watu wasio wa taaluma, yaani muuza vitambaa na fundi viatu, bila taarifa ya maandishi wiki mbili kabla. Ni maneno yangu yenyewe, hawakubadilisha hata nukta. Mwisho wameweka, "Fika bila kukosa." Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Nilikaa nayo mezani nikaona ilivyo barua ya baridi, na kwamba wewe uliisoma peke yako, halafu mimi nikakuandikia habari za kuku. Nisamehe.

Rafiki yangu wa daraja nimemuwaza sana. Miaka yote nilisema aliyemuua ni maneno ya watu. Sasa naona siyo. Sote tulisikia daraja lina ufa, na hakuna hata mmoja wetu, pamoja na mimi rafiki yake, aliyekwenda kuligonga akarudi kusema ni zima. Badala ya kwenda, nilitunga kanuni ya kuwakataza wengine wasiende.

Karatasi ya radhi wameniletea na mimi, ile ile ya mistari mitatu. Nimeirudisha tupu. Yako usiitie sahihi, hata nikija mimi mwenyewe kukubembeleza. Watatusikiliza siku moja, wewe na mimi kwenye benchi moja, na ufagio nitakuja nao. Niliuokota pale pale, nimeuweka nyuma ya mlango wa chumbani.

Baba Mdogo

(Mama Mdogo hapa. Leo huyu alipokwenda kwa daktari wa goti, bodi wamemtuma mtu kuuchukua ufagio. Nimemwambia alete taarifa ya maandishi, wiki mbili kabla.)